Uji Mweupe wa Wamucii

Nilimwonea wivu Wamucii kabla hajaketi. Nasema hivyo mapema ili nisije nikaonekana najitetea. Aliingia karakana Jumatatu moja ya mwaka 1988, amevaa koti jeupe kama la daktari, na Mzee Ogola akamvutia kiti. Mimi nilikuwa nimefanya kazi kwa Mzee Ogola miaka tisa, na kiti nilikuwa najivutia mwenyewe.

Karakana ilikuwa nyuma ya soko la Kibuye, banda la mabati lenye tanuri moja. Mzee Zacchaeus Ogola alikuwa mwalimu wa sanaa, na alipostaafu akaanza kutengeneza vyombo kwa kalibu za plasta. Kazi yenyewe ni hivi. Unakoroga udongo mpaka uwe mwepesi kama uji, unaumimina ndani ya kalibu, plasta inanyonya maji, na udongo unaganda kwenye kuta. Ukishapata unene unaotaka unamwaga uji uliobaki, unasubiri, unafungua kalibu, na kikombe kimo ndani. Hatukuwa na jina jingine la udongo ule. Tuliuita uji.

Na uji ulikuwa wangu. Udongo nilikuwa naenda kuuchagua mwenyewe kwenye bonde moja upande wa Maseno, udongo mwekundu, na nilijua kwa ulimi upi una mchanga na upi umetulia. Nililoweka mimi, nilichuja mimi, nilikoroga mimi kwenye pipa langu, na hakuna mtu aliyegusa kalibu mpaka mimi niseme sawa. Shitanda, mtu wa tanuri, alikuwa ananiita meneja. Alikuwa ananitania tu, lakini mimi lile jina nililipokea kama limetangazwa redioni.

Kwa uji wangu tulitengeneza vyungu vya maua na visahani vya majivu ya sigara, na watu walinunua. Shida ilianza hoteli moja ya mjini ilipotaka vikombe mia tatu na visahani vyake. Meneja wao alikuja mwenyewe, tukamtilia chai kwenye kikombe changu chekundu. Alipokiinua, kitambaa cha meza kilikuwa kimepata duara la unyevu. Chai ilikuwa imepenya kwenye udongo.

"Hii inatoa jasho," akasema. "Mimi nataka nyeupe, na isitoe jasho."

Akatupa mwezi mmoja tumwonyeshe sampuli dazani moja. Akizipenda, oda ni yetu. Asipozipenda, anaagiza vyombo kutoka ng'ambo. Mzee Ogola akamwandikia rafiki yake anayefundisha chuo kimoja Nairobi, na jibu la barua likawa Wamucii.

Alikuwa msichana wa Nyeri, miaka ishirini na sita, na alikuja na magunia manne ya unga wa udongo mweupe, mizani ndogo, daftari na chupa ya dawa. Dawa ile ilikuwa nzito kama asali. Alisema ukiitia kidogo kwenye uji, udongo unakuwa mwepesi bila kuongeza maji. Mzee alisikiliza mdomo wazi kana kwamba hajawahi kusikia habari za udongo maishani mwake.

"Tutajaribu uji mbili," akatuambia. "Ya Nyar Seme na ya huyu nyathina. Ile itashinda ndiyo itakuwa uji ya karakana. Na mwenye uji ndiye atashika pipa."

Nyar Seme ni mimi, maana nimezaliwa Seme. Jina langu ni Beldina, lakini kwa miaka tisa Mzee aliniita binti wa Seme, kama anavyoweza kumwita mwanamke yeyote aliyetoka huko. Nyathina ni mtoto wangu. Wamucii alikuwa na dakika kumi karakana, tayari ni mtoto wake.

Wivu ukinishika mimi huwa haunishiki mahali pamoja. Niliuonea wivu mwandiko wake. Niliionea wivu mizani yake. Alikunywa chai bila sukari, na hilo pia likanikera, kwa nini asitie sukari kama watu? Shitanda aliyakuta magunia yake mlangoni akayabeba yote manne bila kuombwa, Shitanda huyohuyo ambaye kila nikimwomba anibebee ndoo alikuwa anashika mgongo na kulia ugonjwa. Na ubaya zaidi, msichana alikuwa na heshima. Aliniita Mama Opiyo, jina la mwanangu, na kila asubuhi aliniuliza nimeamkaje. Ungetafuta pa kumshikia usipate.

Basi nilifurahi sana uji wake ulipokataa. Aliumimina mara ya kwanza mbele yetu sote, na uji ule ulivutika kama kamasi. Ulishuka polepole, ukabeba mapovu, ukang'ang'ania plasta. Alipofungua kalibu, nusu ya kikombe ilibaki kwenye plasta na mkono wa kukishikia ukakatika. Akaongeza dawa, mambo yakawa yaleyale. Akapunguza, ikawa mbaya zaidi. Katika vikombe ishirini vilitoka viwili. Niliinamia pipa langu nikijifanya nachuja, kumbe nacheka. Furaha ya siku ile sikuipata hata siku ya harusi yangu.

"Pole," nikamwambia. "Labda hiyo unga haipendi Kisumu."

Vikombe vyangu vyekundu vilitoka vyote, laini, mikono imenyooka. Lakini vilikuwa bado vinapitisha chai. Nilimwambia Shitanda azidishe moto ili udongo ukaze, akazidisha, na tulipofungua tanuri vikombe vilikuwa vimepinda midomo kama watu waliokasirika. Nikapaka glezi mara mbili, ile ngozi ya kung'aa, ikapasuka nyufa ndogondogo, na chai ikapita kwenye nyufa.

Vile viwili vya Wamucii vilichomwa tanuri moja na vyangu. Shitanda alikigonga kimoja kwa ukucha, kikalia kama kengele. Siku moja saa ya chakula, wenzangu wakiwa nje, nilitia chai moto kwenye kikombe hicho na kukiweka juu ya gazeti. Nilikaa nacho saa nzima. Nilipokiinua, gazeti lilikuwa kavu.

Hapo niliumia. Nilielewa kwamba mimi na yeye hatukuwa tunashindana tena. Udongo wangu ungetoka kwenye kalibu vizuri mpaka mwisho wa dunia na bado ungetoa jasho. Wake ulikuwa na kosa moja tu, la kuganda kwenye plasta, na siku atakapopata jinsi ya kuufanya utoke, mimi kazi yangu ingekuwa kusugua kingo za vikombe vya Wamucii.

Ilikuwa Jumatano ya wiki ya pili. Wamucii alikuwa amekoroga ndoo mpya ya lita ishirini, kisha akaenda posta kumpigia simu mwalimu wake. Mzee alikuwa amekwenda kunyolewa. Shitanda alikuwa nyuma anapasua kuni. Ndani ya kikapu changu nilikuwa na magadi niliyonunua Kibuye asubuhi, ya kupikia mboga ya osuga jioni.

Kila mwanamke wa huku anajua kazi ya magadi. Mboga ngumu inalainika, maharagwe yaliyokaa ghalani miaka miwili yanalainika. Na ukizidisha, chakula chote kinakuwa uteute, hakishikiki. Mimi nikawaza kijikoni. Nikasema, nikimtilia magadi, vikombe vyake vitalainika, vitaanguka vyenyewe, hata vile viwili hatavipata tena. Mzee atachoka naye na unga wake utarudi Nairobi. Nilisaga magadi kwa jiwe, nikachota kiganja kimoja kilichojaa, nikatia kwenye ndoo na kukoroga.

Uji ulibadilika nikiuangalia. Ule uzito uliisha, ukawa unateremka kwenye mti wa kukorogea kama maziwa. Nikajua nimeumaliza. Nikanawa mikono, nikarudi kwenye pipa langu.

Wamucii aliporudi alikoroga kidogo, akasimama. Akakoroga tena. Aliinua mti juu akautazama uji unavyoshuka, kisha bila kusema neno akamimina kalibu kumi na mbili. Mzee alikuwa amerudi, kichwa kinang'aa, akasimama kando yake. Mimi nilisubiri mwanguko.

Alifungua kalibu ya kwanza na kikombe kikamdondokea kiganjani, kizima, chembamba, mkono umekaa. Akafungua ya pili. Akafungua zote. Vilitoka vyote kumi na viwili, hakuna hata kilichokwaruzika. Wamucii alipiga kelele kwa Kikuyu, akageuka, akamkumbatia mtu aliyekuwa karibu naye. Mtu huyo alikuwa mimi.

"Mama Opiyo, imetoka! Umeona? Imetoka yote!"

"Nimeona," nikasema. Kucha zangu zilikuwa bado na magadi.

Alijiuliza kilichobadilika ni nini, kisha akaamua ni kupumzika. Uji ulikaa saa mbili alipokuwa posta, basi akaandika kwenye daftari kwamba upumzishwe saa mbili. Ndoo ile ilitosha sampuli zote na visahani vyake. Meneja wa hoteli alipokuja alikunywa chai, akainua kikombe, akapapasa kitambaa kwa kidole, akakipata kikavu. Oda ikawa yetu. Jioni hiyohiyo Mzee Ogola akampa Wamucii pipa mbele yetu sote, na mimi akanipa kisu na sifongo, nisugue kingo.

Sikulala vizuri wiki ile, na sisemi hivyo ili nionewe huruma. Nilikuwa nimemshindisha adui yangu kwa mkono wangu mwenyewe, na magadi yangu, na mboga yangu ikaliwa chungu.

Jumatatu Wamucii alikoroga pipa zima la uji mweupe, akaupumzisha saa mbili. Ukavutika kama kamasi. Vikombe viligandia kwenye plasta. Jumanne akaupumzisha saa nne, ukagoma. Jumatano akalala nao, yaani aliukoroga jioni akaumimina asubuhi, na ukagoma vilevile. Macho yalimvimba. Kalibu zikaanza kuziba.

Ungefikiri nilifurahi. Nilifurahi siku ya kwanza tu. Siku ya pili nikagundua kwamba kushindwa kwake hakunisaidii kitu, kwa sababu Mzee Ogola hakuacha kuusifu ule uji wa kwanza. Alikuwa ameweka kikombe kimoja juu ya kabati. Kila aliyeingia alionyeshwa. Alikuja mchungaji wake, akaonyeshwa. Alikuja Mama Perez anayeuza mandazi, akaonyeshwa.

"Miaka yote nimekaa na udongo, sijaona uji kama ile," alikuwa anasema. "Huyu nyathina ako na kipaji. Mungu amempa."

Kipaji! Magadi yangu, kiganja changu, uji niliokoroga mimi, na sifa zinakwenda Nyeri. Kama angeusifu uji mwingine wowote wa Wamucii ningevumilia. Lakini ule ulikuwa wangu. Ulikuwa uji mzuri kuliko wote nilioutengeneza tangu nizaliwe, na hakuna aliyejua kwamba ni mimi. Nilikuwa nasugua kingo huku meno yanasagana, nikamwonea wivu kwa kazi niliyoifanya mwenyewe. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kufika huko.

Alhamisi Wamucii alifungua kalibu, akaona mikono ya vikombe imebaki ndani, akakaa chini juu ya gunia. Alikuwa analia kimya. Mzee akamshika bega.

"Usilie, nyathina. Ile uji ya kwanza ilitoka kwa mkono yako. Mkono haiwezi kusahau. Itarudi tu."

"Si mkono yake!" nikasema.

Nilikuwa nimesimama. Kisu kilikuwa kimeanguka chini, sikujua saa ngapi.

"Ile uji ni yangu. Ni mimi nilitengeneza ile uji! Nilitia magadi ndani. Yeye alikuwa posta, nikatia magadi, kiganja moja. Mnamsifu bure. Ni mimi!"

Shitanda aliingia na kuni mikononi akasimama mlangoni. Mzee aliniangalia, akakiangalia kikombe kilicho juu ya kabati, kisha akaniangalia tena. Nakumbuka nilikuwa nimeinua kidevu. Kwa muda wa pumzi moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kisumu.

"Ulitia magadi," Mzee akasema polepole.

"Ndiyo."

"Na siku nne tunahangaika hapa, umenyamaza."

Niliinama nikaokota kisu.

"Nyar Seme. Ulitia ya nini?"

Uongo ulikuwapo tayari, mtamu kabisa. Ningesema nilimwonea huruma nikataka kumsaidia, na wote wangenishukuru, na pengine pipa tungelishika wawili. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Lakini nikaona maisha yangu yote mbele: Mama Opiyo, yule aliyemsaidia Wamucii. Kumsaidia yeye! Afadhali nijulikane mbaya kuliko nijulikane msaidizi wake.

"Nilitaka iharibike," nikasema.

Tulisikia wauza mitumba wa Kibuye wakiita wateja upande wa pili wa ukuta.

"Yawa," Mzee akasema, na sauti yake ilikuwa imezeeka. "Miaka tisa, Beldina. Toka. Chukua kikapu yako utoke."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu.

"Mzee, ngoja kidogo," Wamucii akasema.

Nikageuka kumkabili. Nataka mniamini kwamba nilitamani anitukane. Kama angenitukana, au hata kunizaba kofi, ningekuwa nimemfikia mahali, tungekuwa watu wawili wanaochukiana, sawa kwa sawa. Lakini alikuwa hanitazami. Alikuwa amefungua daftari juu ya magoti, anafuta pua kwa mkono wa koti.

"Magadi ya kupikia? Ile ya mawe?" akauliza.

"Ile ya mawe."

"Ulisaga ama ulitia hivyo tu?"

"Nilisaga."

"Kiganja ilijaa ama ilikuwa sawasawa na vidole?"

"Ilijaa."

"Na dawa ya chupa ilikuwa ndani tayari."

"Ulikuwa umeshatia."

Alikuwa anaandika haraka, na machozi hayajakauka mashavuni. "Kumbe inataka zote mbili," akasema, si kwangu, kwa daftari. "Dawa peke yake haitoshi. Zote mbili." Kisha akamwambia Shitanda, "Kimbia Kibuye, uniletee magadi. Nyingi."

Shitanda akatupa kuni chini akatoka mbio. Mzee Ogola alibaki ameinua kidole kuelekea mlangoni, na hakuna aliyekuwa anakitazama, mwisho akakishusha mwenyewe.

Nilikuwa nimemwaza Wamucii tangu asubuhi mpaka jioni kwa mwezi mzima. Nilijua viatu vyake vyote, nilijua anavyokohoa. Na yeye hakuwa ameniwaza hata kidogo. Sikuwa adui yake. Sikuwa chochote. Hata sasa, baada ya kusikia kwa mdomo wangu nilichomtakia, alichotaka kujua ni kama kiganja kilijaa. Huo ndio wivu ulionifika kwenye mfupa, kuliko habari ya kiti, kuliko nyathina, kuliko pipa. Alikuwa anaupenda udongo kiasi kwamba hakuwa na nafasi ya kunichukia. Mimi nilikuwa nao miaka tisa na nilikuwa nimebakiza nafasi tele.

Shitanda alirudi. Nilisaga magadi kwa jiwe, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua yawe laini kiasi gani. Nikachota kiganja kimoja.

"Weka hapa," Wamucii akasema, akasogeza mizani.

Ningeweza kupunguza. Ningeweza kuzidisha, nani angejua? Nikaweka kiganja kilekile. Mshale ukacheza, ukatulia.

"Gramu hamsini na tisa," akasema, akaandika. Na pale nikajua kwamba kesho yake, nikiwepo nisiwepo, uji utakorogeka.

Akayatia kwenye ndoo ya uji ya lita ishirini, akakoroga, akamimina kwenye kalibu. Tukasubiri, sote wanne. Mzee hakurudia kuniambia nitoke, wala hakuniambia nikae. Nilikaa kwa sababu nilitaka kuona.

Wamucii alifungua kalibu ya kwanza, kikombe kikatoka, akanipa nikishike ili mikono yake ifungue ya pili. Hakunipa kwa wema. Nilikuwa karibu tu. Nikakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Nilitafuta kosa kwenye ukingo, nikatafuta pale mkono unaposhikana na kikombe, nikatafuta chini. Nilitafuta muda mrefu, na Mzee Ogola alikuwa ananitazama.

"Ni kizuri," nikasema. Iliniuma kama kung'olewa jino, lakini nilisema kwa sauti, wote wakasikia.